Sura ya Tisa: Maharusi wa Mzee Hong

Saa sita na nusu mchana, siku ya tatu tangu mzee Yap apotee, Inspekta Zhuang Suqin alikuwa na karatasi mbili mezani: barua ya daktari na tangazo la bandari. Zote mbili zilizungumzia muda, na hakuna hata moja iliyompa muda wa kutosha.

Barua ilitoka hospitali ya ng'ambo, Xiamen mjini. Ilisema Yap Seng Guan, miaka themanini na minne, mkazi wa Manila, mgonjwa wa kisukari na figo, hutakiwa kusafishwa damu kila baada ya siku moja. Ameshakosa mara moja. Mara ya pili ni leo jioni, na akiikosa hiyo, daktari hakuwa na la kuahidi. Tangazo lilisema kimbunga kimegeuza njia, hivyo vivuko vyote kati ya mji na kisiwa cha Gulangyu vitasimama saa nane mchana hadi taarifa nyingine.

Binti wa mzee alikuwa amekaa mbele ya meza, mkoba mapajani, macho yamemvimba. Jina lake Rosario. Alizaliwa Manila na kukulia Manila, lakini lugha ya wazee wake aliijua, na aliisema kwa lafudhi ya huko iliyowachekesha wauza matunda wa kisiwani. Leo hakuna aliyemcheka.

"Niambie ukweli, Inspekta," alisema. "Mnamtafuta, au mnazunguka tu?"

"Tunamtafuta, dada."

"Kisiwa chenyewe mtu anakimaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Hakuna gari, hakuna hata baiskeli. Mzee kipofu kaenda wapi?"

"Tuanze tena pale hotelini. Ulimwacha saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Nilimkalisha barazani na kikombe cha kahawa. Nikamwambia natangulia kuiangalia nyumba, nikishaiona nitakuja kumchukua. Nyumba aliyozaliwa. Miaka sitini na sita anaililia, Inspekta. Kila mwaka mpya lazima atuhadithie, mpaka wajukuu wakawa wanaijua kwa moyo."

"Ukafika."

"Nikafika. Nikakuta studio ya picha za maharusi. Vyumba vyote vimebomolewa kuwa ukumbi mmoja, kuta zimepakwa rangi ya waridi, na pale baba alipozaliwa kuna bafu la plastiki la kupigia picha." Aliuvuta mkoba karibu. "Nikakaa njiani nusu saa nzima nikijiuliza nimwambieje. Niliporudi, kiti kitupu. Kahawa hajaigusa."

Zhuang aliyajua yote hayo, na alikuwa ameyaandika mara tatu. Siku ya kwanza alikwenda studio, akapekua hadi makabati ya magauni. Alizitazama kamera za gati la wageni, ambako kila msafiri hupita na kitambulisho chake, mzee hakuonekana. Alikwenda hata kwa Hong Shuilai, mzee wa miaka sabini na mitano aliyewahi kusukuma mkokoteni wa mizigo kisiwani na sasa analinda nyumba ya ukoo wa Bai, ambao wenyewe wako Surabaya na hawajui hata paa lina vigae vingapi. Mama yake Hong alikuwa mpishi wa akina Yap, na Hong mwenyewe alikulia jikoni kwao. Hong alisema hajamwona Seng Guan tangu yeye Hong akiwa mtoto. Alimtengea chai uani, vikombe vitatu vya haraka, akamsindikiza hadi getini.

Simu ikalia. Ilikuwa polisi wa upande wa mjini.

"Tuna mzee hapa kituo cha mabasi," sauti ilisema. "Haoni. Kofia ya kahawia. Anaongea lugha yenu hiyo ya pwani lakini kwa namna ya watu wa nje. Kila ukimuuliza anasema nipelekeni nyumbani."

"Jina?"

"Hasemi. Anashika tu mikono ya watu."

Kofia ya kahawia ilikuwa kwenye maelezo, na gati la wenyeji halikuwa na kamera. Zhuang alitazama saa ya ukutani, akamtazama Rosario, ambaye alikuwa ameshasimama.

"Nenda ukamtambue," alimwambia. "Akiwa ndiye, hospitali ni dakika kumi kutoka hapo, itakuwa vizuri kuliko kumrudisha huku. Kuna kivuko saa saba na dakika ishirini. Sajini Gao atakusindikiza gatini."

"Na kama siye?"

"Utarudi na cha mwisho."

Lilikuwa agizo la maana, na askari yeyote angelitoa. Rosario aliinua mkoba na kutoka karibu anakimbia, na Sajini Gao Tieshan nyuma yake na mwavuli ambao upepo ulikwisha kuugeuza.

Gao alirudi saa saba na nusu. Alikuwa mtu wa kaskazini kabisa, Harbin, aliyeoa kisiwani na kuhamia kisiwani, na kwa miaka ishirini na sita hajaacha kuwashangaa wakwe zake. Alimkuta mkuu wake kwenye kibanda cha Shangazi Cuilian, mkabala na kituo, anakunywa supu ya madonge ya samaki akiwa amesimama. Shangazi Cuilian alikuwa anafunga biashara kwa sababu ya kimbunga, na alikuwa anafunga kwa hasira.

"Kaa, Afande," Gao alisema. "Mtu anayekula amesimama hashibi."

"Akae wapi?" Cuilian alidakia. "Mabenchi yangu unayaona? Mimi mwenyewe nauza supu siku tatu watu wamesimama, wateja wananiuliza nimefilisika au vipi."

"Nani kachukua?"

"Si huyo Hong. Kaja na mkokoteni wake alfajiri, nikopeshe mabenchi mawili, shangazi, kesho narudisha. Ile kesho yake sijui iko mwezi gani."

"Ana wageni," Gao alisema, akijipakulia. "Si alikwambia, Afande? Maharusi kutoka Hubei, wamekuja kupiga picha, kawapa chumba cha juu. Watu wana bahati. Harusi ya juzi juzi, nyumba ya kikale, kitanda kikubwa. Mimi nina miaka ishirini na sita ya ndoa, na kila sikukuu tukienda kwa mama mkwe, mke wangu analala chumbani kwa dada zake, mimi nalala sebuleni na paka. Mwaka huu nimemuuliza, mama, nimekukosea nini? Ananiambia hujanikosea, mwanangu, ila ukilala na mkeo humu utaondoka na baraka ya nyumba yangu. Binti yake mwenyewe, tena. Nimezaa naye watoto wawili."

Cuilian alicheka mpaka akashika kiuno. Zhuang hakucheka. Alikuwa ameweka bakuli kwenye ukingo wa kibanda, kijiko bado mkononi.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini, Afande?"

"Mama mkwe wako."

Gao alirudia, safari hii bila utani, kwa sababu uso wa mkuu wake ulikuwa umebadilika. Zhuang alitoa daftari mfukoni na kulifungua ukurasa wa siku ya kwanza. Mwandiko wake mwenyewe: *Hong. Yuko na maharusi, wapangaji wa muda, wamelala juu. Hajamwona Y.* Zhuang alikuwa amezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Mama yake alimfundisha jambo hilo kabla hajajua kusoma: nyumba ya ukoo unaweza kumwazima mtu mwenye msiba, akaweka maiti yake, akalia, akaondoka, na nyumba isipungukiwe kitu. Mume na mke wa watu huwaazimi kitanda. Mzee wa kisiwani, tena mlinzi wa nyumba isiyo yake, chini ya picha za marehemu wa watu, awape chumba maharusi? Kijana wa mjini angeweza kuuamini uongo huo. Yeye aliuandika akiwa na kikombe cha chai mkononi, kwa kuwa maharusi kisiwani ni wengi kuliko njiwa na hakuna anayewahesabu.

"Shangazi," alisema, "mabenchi mawili tu? Hakuomba kingine?"

"Aliuliza kama nina mbao. Nikampa zile za kufungia duka, si ndiyo maana nafunga kwa turubai."

"Atakuwa ametengeneza meza ya karamu," Gao alisema.

"Mabenchi mawili na mbao juu yake," Zhuang alisema. "Huko kwenu sijui. Hapa ni kitanda. Mtu akikaribia kufa anatolewa chumbani, analetwa sebuleni, analazwa hapo, afe mbele ya wazee wake." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Ndiyo maana alininywesha chai uani, na manyunyu yale yote. Tangu nizaliwe sijawahi kunyweshwa chai uani kwa Hong. Niliupa mgongo mlango wa sebule, Gao. Mzee Yap alikuwa humo ndani, hatua nane nyuma yangu."

Walipanda kilima wakiwa wameinamisha vichwa. Upepo ulikuwa umeanza kuvunja matawi, na mlangoni mwa studio bibi harusi mmoja alikuwa analia kwa sababu mpiga picha wake amekataa kutoka nje. Hatua mia mbele ya studio, upande wa pili wa njia, lilikuwa geti la akina Bai. Zhuang aligonga mara moja.

Hong Shuilai alifungua akiwa na taulo begani. Alimtazama Zhuang, akamtazama Gao, akajua.

"Umekuja na hasira, Suqin," alisema.

"Nimekuja na haraka, Mjomba Shui. Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Nipishe."

"Nikikupisha utamchukua?"

"Ana binti, Mjomba. Siku ya tatu hajalala."

Mzee alishika mbao za geti kwa mikono miwili. Hakuwa na nguvu ya kumzuia hata Gao peke yake, na wote watatu walilijua hilo. "Yeye ndiye aliyenipigia simu," alisema. "Kutoka Manila, mwezi mmoja kabla. Kaniambia Shui, nakuja kufa. Watanirudisha wanitie mipira hospitalini, sitaki. Nikifika utanichukua, utanilaza kwetu. Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini? Kwamba kwao wanauza picha?" Alifuta uso kwa taulo. "Haoni, Suqin. Nilimbeba mgongoni kutoka hotelini, nikapita naye uchochoro wa nyuma, nikamwingiza hapa. Nikamwambia tumefika. Akalia. Nakuomba kitu kimoja tu, usimwambie kwamba hapa siyo."

Zhuang alimpita bila kujibu.

Sebule ya akina Bai ilikuwa nusu giza. Madhabahu ya wahenga yalikuwa yamefunikwa kwa ungo, inavyopasa nyumba inapongojea kifo, ili wazee wasikione. Chini yake, juu ya mbao za Cuilian na mabenchi ya Cuilian, mzee Yap alikuwa amelala katika nguo safi, mito miwili kichwani. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi ngozi kung'aa, na pumzi yake ilikuwa fupi na yenye harufu. Kofia ya kahawia ilikuwa imetundikwa msumarini.

Kwa hiyo yule wa kituo cha mabasi alikuwa mtu mwingine. Zhuang alitazama saa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika sita.

Alipiga simu gatini. Kivuko cha mwisho kilikuwa kimeondoka saa nane kasoro robo, kwa sababu mawimbi hayakungoja ratiba. Alipiga makao ya polisi wa majini. Boti zote zilikuwa zimefungwa kamba, na afisa wa zamu alisema kwa upole kabisa kwamba akimtuma mtu baharini sasa atakuwa anatuma maiti. Alipiga zahanati ya kisiwa. Daktari alisema anakuja, ila mashine ya kusafisha damu hana, hajawahi kuwa nayo, na atakachoweza kumfanyia mgonjwa ni kumpunguzia maumivu. Simu tatu, dakika nne. Hakukuwa na ya nne ya kupiga.

"Shui," mzee alisema kutoka kitandani, "mgeni hajapewa chai."

"Ni polisi, kaka."

"Polisi hawanywi?"

Hong alikwenda jikoni. Gao alibaki mlangoni, kofia mkononi. Mzee alingojea hadi nyayo za Hong zilipoishia, kisha akageuza uso upande wa Zhuang.

"Wewe ndiye uliyekuja siku ile ukanywa uani. Nilikusikia. Una sauti ya watu wa mtaa wa chini."

"Ndiyo, mzee. Naitwa Zhuang. Binti yako anakutafuta."

"Najua. Nimemkosea sana." Alivuta pumzi mara kadhaa. "Una nguvu ya kunitoa hapa?"

"Ukiwa na akili timamu, sina. Lakini nakuomba. Hospitali ina nafasi yako."

"Nikikubali utanivushaje?"

Madirisha yalikuwa yanagongagonga.

"Basi usiniombe," mzee alisema. "Tutaumizana bure. Nikwambie jambo, lakini lisimfikie Shui. Ngazi za nyumba yetu zilikuwa kumi na moja. Kwenye ya saba nilivunja jino. Aliponibeba nilihesabu nane. Tena sebule yetu ilipokea upepo wa bahari, hii haipokei. Hii ni ya akina Bai, sivyo? Tulikuwa tunakuja kuiba mapera."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Tangu ngazi ya nane." Alitabasamu kidogo. "Yule ni mtu wa miaka sabini na mitano, na amenibeba mgongoni. Alipumua mpaka nikaogopa atatangulia yeye. Angenieleza nini? Kama nyumba ingekuwepo angenipeleka. Kwa hiyo haipo. Nililia kidogo, naye akafurahi akidhani nimefurahi. Usimwambie."

Zhuang alikuwa amewahoji wauaji na matapeli kwa miaka ishirini na tisa. Mara zote kazi yake ilikuwa kutoa jambo lililofichwa na kuliweka mezani. Hapa kila mtu alikuwa amemkabidhi chake akifiche, na hakuna hata kimoja ambacho kingemsaidia mtu. Alijisikia mnyonge kupita siku yoyote aliyokumbuka.

Simu ililia mkononi mwake. Ilikuwa Rosario.

"Siye," alisema, na nyuma yake ulisikika upepo ule ule. "Ni mzee wa Quanzhou, kapotea njia tu, wanawe wameshakuja. Nimerudi gatini, wamefunga. Nimewapigia magoti, Inspekta, hawafungui. Nakiona kisiwa. Naona mpaka watu wanaobeba viti ndani."

"Dada Rosario. Tumempata."

Kisha sauti ndogo sana: "Hai?"

"Hai. Anaongea."

"Mleteni. Mbebeni, mvusheni, nitalipa boti, nitalipa chochote."

"Hakuna boti. Nimeomba kila mahali. Hazitatoka leo." Alijilazimisha kumalizia. "Na huenda hata kesho. Mimi ndiye niliyekutuma ng'ambo. Nilikosea."

Alingojea kutukanwa. Angeshukuru kutukanwa. Rosario alikuwa anapumua tu, na katikati ya pumzi hizo kulisikika mtu wa gatini akimwambia, mama, sogea, maji yanapanda.

Hong alirudi na birika, akasimama kando ya mabenchi, macho kwenye midomo ya Inspekta. Mzee naye alikuwa amegeuza sikio.

"Yuko wapi?" Rosario aliuliza. "Ameshajua habari ya nyumba? Mmemwambia?"

"Yuko kwao," Zhuang alisema kwa sauti ya kusikika sebule nzima. "Amelala sebuleni kwa baba yake, dada. Mzee Shui yuko naye."

Hong aliinamisha kichwa. Ng'ambo, mwanamke aliyeiona kwa macho yake ile sebule yenye rangi ya waridi hakumsahihisha. Alipozungumza, sauti ilikuwa imetulia kwa nguvu.

"Afadhali," alisema. "Mpe simu."

Zhuang alipiga goti moja sakafuni na kumwekea mzee simu sikioni, maana mikono yake haikuweza tena kushika. Mzee alisikiliza upepo wa upande wa pili.

"Charing," alisema, akimwita kwa jina lake la utotoni, "umekula?"

"Bado, Baba."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Hapo gatini palikuwa na mtu anauza tambi za karanga. Kale kwanza, ndipo uje."

"Sawa, Baba. Nakula, halafu nakuja."

Hakuna aliyekata simu. Zhuang alibaki amepiga goti na kuishikilia, akiubadilisha mkono ulipokufa ganzi, kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia.